Kufunga na Kufungiwa

Mwaka 1871 mfuko wa barua ulikwama Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Juu yake iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mwenye barua, David Livingstone, alikuwa huko magharibi zaidi, na habari za kwao zilikuwa zimemkatikia kwa miaka. Msafara uliotumwa kumpelekea mahitaji ulifika hapa ukaketi. Na mtemi Mirambo alipoanza kupigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ikazibika kabisa. Mwandishi wa habari Henry Stanley ndiye aliyeuchukua mfuko, akauzungusha kwa kusini, na ulipomfikia mwenyewe Novemba 1871 ulikuwa umetimiza mwaka.

Stanley ameandika jinsi mzee alivyoupokea. Aliuweka magotini, akaufungua, akasoma barua moja mbili za wanawe, uso ukamng'aa. Halafu akaacha. Mgeni akamhimiza amalize. Yeye akasema barua amezingoja miaka, saa chache hazitamdhuru, kwanza asimuliwe dunia inakwendaje. Akasimuliwa: mfereji wa Suez umefunguliwa, reli imekatiza Marekani kutoka bahari hadi bahari, malkia wa Hispania amefukuzwa, Ufaransa imepigwa na Wajerumani. Watoto kwanza, kisha dunia kwa mdomo wa mtu aliyeketi mbele yake, kisha makaratasi.

Nilikumbuka utaratibu huo Novemba 2025, simu yangu iliporudi hewani. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima tangu 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu uliogeuka machafuko, na kwa siku kadhaa tuliishi kwa redio na kwa maneno ya watu wanaoshuka kwenye mabasi. Iliporudi ilimwaga vyote kwa mpigo: kundi la ukoo, kundi la tuliosoma pamoja, kundi la msikiti, kundi la wauza asali ambalo hata sikumbuki nani aliniingiza. Nilianza saa tatu usiku. Adhana ya alfajiri ilinikuta bado nimekaa kitandani, macho yamevimba. Nilikuwa nimeona miili ya watu nisiowajua, nimesoma maelezo matatu yanayopingana ya picha moja, na nimemjibu vibaya binamu yangu ambaye sijawahi kumpandishia sauti tangu utoto.

Asubuhi nikaizima simu, nikaifungia kabatini, ufunguo nikampa mke wangu. Jioni nilimpitia mzee mmoja jirani yetu hapa Gongoni, Tabora, kwenye kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mbona sipatikani. Nikamweleza. Akasukuma kikombe upande wangu.

"Sasa mwanangu, umefunga au umefungiwa?"

Nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni utani. Usiku lile swali likanirudia. Kiswahili kimekibebesha kitenzi hiki mizigo mingi. Mwislamu hufunga saumu. Mkatoliki huenda mafungo. Mpagazi wa zamani alifunga mzigo, na sisi sote hufunga safari. Dola nayo hufunga watu, na siku hizi hufunga mitandao. X yenyewe ilikuwa imefungwa nchini tangu Mei mwaka huo. Kitenzi kinachofanya kazi zote hizo ni kimoja, lakini aliyeshika ufunguo habadiliki kuwa mwingine kwa sababu ya sarufi. Nikaanza kuzilinganisha mila hizi za kujitenga, maana nyingi zimepita Tabora.

Nianze na barabara, kwa sababu ndiyo iliyouzaa mji. Watu wakizungumzia misafara hukimbilia Bagamoyo na ile hadithi ya kubwaga moyo, ambayo kila mwongoza watalii anayo. Mimi naona mahali pa kubwaga palikuwa hapa, katikati ya njia. Misafara mingi kutoka pwani ilivunjwa hapa: wapagazi wanalipwa, wengine wanaajiriwa, mizigo inafungwa upya, wenye mali wanaketi wiki au miezi. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani kufika hapa, Novemba 1857, kisha wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea. Mpagazi Mnyamwezi aliyetembea na frasila mbili begani hakuhitaji kufundishwa maana ya kituo. Alijua pia kinyume chake. Katika vitabu vya wasafiri wa wakati ule kuna neno "tirikeza", mwendo wa mchana wa kuvuka nyika isiyo na maji: mnaondoka jua likiwa kali, mnalala na kiu, mnadamka gizani mpaka kisimani. Sikio la leo likilisikia neno hilo linakimbilia "kutelekeza". Nami nimeshatembea tirikeza nyingi na simu mkononi, nikiamini kwamba ujumbe mmoja mbele kuna maji.

Habari nazo zilikuwa mzigo kama mizigo mingine. Ziliwekwa chini jioni pamoja na shanga na vitambaa, zikazungumzwa kambini, asubuhi zikabebwa zile tu zilizostahili kubebwa. Nikisema hivyo sitaki nionekane ninapamba enzi ile. Barabara hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na uongo ulisafiri vizuri tu kwa miguu. Uvumi juu ya Mirambo ulitosha kuwafanya watu wahame usiku. Lakini aliyekuletea uvumi alikuwa na uso, ungemwuliza ameutoa wapi, naye angelala kambi moja nawe. Hata utani, ambao umewaunganisha Wanyamwezi na makabila mengi ya njia ile, ulihitaji uso. Mtani wako anaweza kukutukana msibani ukacheka. Neno hilo hilo likiandikwa saa sita usiku, bila sauti wala jicho, ni matusi. Binamu yangu ni shahidi.

Na kuketi kuna gharama yake. Burton na Speke waliporudi kutoka Ujiji mwaka 1858, Burton alibaki hapa Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati ule, akiugua na kukusanya maneno ya lugha za huku kwa msaada wa mwenyeji wake, mfanyabiashara wa Kiomani Snay bin Amir. Speke akaondoka kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kubwa analolijua kila mtoto wa Mwanza. Akawahi pia kufika London, wiki mbili hivi kabla ya mwenzake, akasema lake, kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Nile. Historia ya mto Nile ikamwendea aliyekwenda. Mimi kama mtu wa Tabora huwa narudia kitabu cha aliyekaa, kwa sababu ndani yake kuna bei za bidhaa, namna ya kujenga, na mpangilio wa kambi. Matusi yake kwa babu zetu nayaruka kama mtu arukavyo matope. Lakini haifai kumdanganya msomaji: aliyepumzika alipitwa na jambo.

Kilomita chache nje ya mji, Kwihara, lipo tembe ambalo sasa ni makumbusho ya Livingstone. Tulipelekwa huko tukiwa shuleni, tukaonyeshwa chumba hiki na kile, tukala michembe tuliyofungasha nyumbani chini ya miembe. Nilipokwenda tena mtu mzima nikavutiwa na kitu ambacho hakuna aliyetuonyesha. Tembe ni nyumba ya kuta nene na paa bapa la udongo, imezunguka uwanja wa ndani. Nje kuna baraza. Mgeni, mleta habari, mdai na mdaku wote huishia barazani, na mwenye nyumba huamua nani avuke kizingiti, na lini. Simu ni nyumba isiyo na baraza. Waziri, mropokaji, maiti na tangazo la mkopo wote hukuingilia mpaka kwenye mto wa kulalia.

Hapo Kwihara Livingstone aliketi kuanzia Februari 1872. Stanley alimwacha katikati ya Machi akaenda pwani kumtafutia wapagazi. Mzee akangoja mpaka Agosti. Hakujitenga kwa hiari, alikosa watu wa kumbebea mizigo. Lakini ndani ya kungoja huko, tarehe 1 Mei 1872, aliandika barua kwa gazeti moja la New York juu ya biashara ya utumwa, akimwombea baraka yeyote, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda lile la dunia. Mwaka mmoja kamili baadaye akafa, na maneno hayo yakachongwa juu ya kaburi lake Westminster. Ni miongoni mwa sentensi za kisiasa zilizofika mbali kuliko zote zilizowahi kutoka Tabora, na ilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na habari ya jana. Alikuwa akiishi, tukumbuke, kwa ukarimu wa mji uliotajirishwa kwa sehemu na biashara hiyo hiyo aliyoilaani.

Upande wa msikitini mambo yamepangwa zaidi. Kumi la mwisho la Ramadhani watu huingia itikafu. Watu wasioijua hudhani ni kukimbia dunia, lakini haifanyiki pangoni wala porini; hufanyika msikitini, katikati ya mji, watu wanaingia na kutoka mara tano kwa siku. Inahitaji nia, ina mwanzo na ina mwisho. Aliye ndani hatoki ila kwa haja, na hapo kuna hukumu ambayo kwa muda mrefu niliiona ngumu: hata kumtembelea mgonjwa, hata kufuata jeneza, si vya aliye itikafuni. Katika mji kama wetu, ambako kukosa mazishi ya jirani ni kosa linalokumbukwa kwa vizazi, huo ni mfungo mzito kuliko wa chakula. Siku hizi utaona pia waya wa chaji umetambaa nyuma ya nguzo ya msikiti na kijana amejifunika shuka, uso umemulikwa na kioo. Tumbo limefunga, kidole kinakula mchana kutwa.

Kielelezo kikubwa cha kujitenga katika Uislamu ni Abu Hamid al-Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad, kazi iliyomweka karibu na makhalifa na mawaziri. Mwenyewe amesimulia kwamba siku moja ulimi ulimgoma, akashindwa kufundisha. Akagundua kuwa alichokuwa akikitafuta ni jina. Akagawa mali yake, akaenda Damascus, ambako alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango mchana kutwa. Aliporudi kufundisha, Nishapur mwaka 1106, ilikuwa miaka kumi na moja imepita. Akasisitiza kwamba hakurudi kule alikotoka: zamani alifundisha elimu inayoleta cheo, sasa elimu inayokiacha.

Nampenda Ghazali, lakini hesabu ya miaka ile inanisumbua. Mwaka 1099, katikati ya ukimya wake, wapiganaji wa msalaba waliiteka Jerusalem na kuwaua watu wake. Wapo wanaomlaumu mpaka leo kwamba kalamu iliyoandika juu ya karibu kila kitu haikuligusa jambo hilo. Wanaomtetea husema aliona ugonjwa ulioleta kushindwa ulikuwa ndani, akaushughulikia huo. Huenda. Mtu aliyepoteza ndugu Jerusalem asingeridhika na jibu hilo, na mimi siwezi kumshurutisha.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walileta mila nyingine. Mafungo ya Kikatoliki yana deni kubwa kwa Ignatius wa Loyola, askari aliyejeruhiwa mguu, ambaye mwaka 1522 na 1523 alijitenga Manresa huko Hispania na kuanza kuandika mazoezi ya kiroho ya takribani siku thelathini. Kinachonifurahisha ni kwamba kiini cha mazoezi yale ni uchaguzi. Ndiyo, neno hilo hilo. Mtu hujinyamazisha ili achague njia ya maisha yake, na anaonywa asichague moyo ukiwa gizani, bali adumu katika uamuzi aliokuwa nao kabla ya giza kuingia. Nimewahi kufikiria kuibandika kanuni hiyo nyuma ya simu.

Julius Nyerere alipita katika mji huu mara mbili, kama mwanafunzi wa Tabora School kuanzia 1937 na kama mwalimu wa St. Mary's, shule ya mapadri hao, baada ya Makerere. Mwaka 1958, mwezi Januari, alirudi na chama kizima. Mkutano wa TANU wa Tabora ulikuwa na hoja ya kura tatu, yaani sharti la wakoloni kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Wajumbe wengi walikuja kusema hapana. Hasira yao ikapewa siku kadhaa za kukaa chumba kimoja na hoja, na mwisho wakakubali kuingia uchaguzi ule. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka na kuanzisha chama chake. Najaribu kuufikiria mkutano huo ukiendeshwa kwenye kundi la simu. Chama kingepasuka kabla ya chai ya saa nne.

Lakini kisa cha Nyerere kinachohusu mada hii ni cha baadaye. Uhuru ulipatikana 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, Waziri Mkuu akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kukijenga chama na kufikiri. Aprili mwaka huo ukatoka waraka wake juu ya ujamaa. Desemba akarudi akiwa Rais. Hapa kuna kila alama ya mafungo: hiari, muda, tunda, na kurudi. Kuna doa pia. Mwaka huo huo, yeye akiwa nje ya serikali, Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na aliporudi hakuifuta; akaitumia. Aliyejifunga kwa hiari akarithi ufunguo wa kufungia wengine. Waandishi wetu husimulia nusu ya kwanza peke yake, na sielewi kwa nini, maana nusu ya pili ndiyo inayotuhusu leo.

Gandhi naye alikuwa na Jumatatu zake: siku nzima bila kutamka neno, wageni wakimwuliza jambo anaandika kwenye kikaratasi. Siku moja kati ya saba, na Jumanne kazi inaendelea. Hilo naliheshimu zaidi ya zile hoteli za ughaibuni ambako mtu hukabidhi simu mapokezi na kulipa pesa nyingi kwa siku ili afichwe kitu alichokinunua mwenyewe.

Nirudi kwenye swali la mzee. Zile siku za mwisho wa Oktoba, nchi nzima ilikuwa kimya kuliko itikafu yoyote. Wapo waliosema, na niliwasikia kwa masikio yangu, kwamba afadhali, watu wamepumzika, watoto wamecheza, mume na mke wamezungumza. Kwetu hapa huenda ilionekana hivyo kwa saa chache. Lakini mama aliyekuwa na kijana Dar es Salaam asiyepatikana hakuwa anapumzika. Watu walikufa siku zile, na idadi yao inabishaniwa mpaka sasa, na ubishi wenyewe unatokana kwa sehemu na giza lile. Ukimya ambao hukuuwekea nia, hujui utaisha lini, na huwezi kuufungua ukiletewa habari ya mtoto wako, haufanani na mafungo hata kidogo, ingawa kwa nje nyumba zote mbili zina utulivu.

Na mimi je, na kabati langu? Nilipojipima kwa mizani hiyo sikupenda nilichokiona. Sikuwa nimeweka nia wala siku ya kurudi. Nilikuwa nimetelekeza. Binamu yangu alikuwa bado anangoja jibu, na katika kundi la tuliosoma pamoja, nilikuja kujua, mwenzetu mmoja alikuwa akiuliza kama kuna mtu amemwona mdogo wake. Nikauomba ufunguo. Tangu hapo nafuata utaratibu wa yule mzee wa Ujiji kadiri ninavyoweza: watoto na wanaonidai jibu kwanza, kisha mtu mmoja ninayemwamini nimpigie anisimulie, na mengine baadaye au yasisomwe kabisa. Jumatatu silipi bando. Mke wangu anasema nimekuwa mpole, ila si sana.

Ramadhani iliyofuata mzee wangu wa kahawa aliingia itikafu kumi zima, simu akamwachia mjukuu. Mwezi ulipoandama nilikwenda kumlaki mlangoni kwa msikiti. Alitoka na mkeka kwapani, mwembamba kuliko alivyoingia. Mjukuu akamkabidhi simu, imejaa mpaka inalia mfululizo. Akaitia mfuko wa kanzu bila kuitazama.

"Nani amezikwa?" akauliza.

Nikamtajia wawili: bibi mmoja wa Isevya, na fundi baiskeli aliyekuwa akikaa jirani na soko. Akauliza wa kwanza ameacha nani, nikamwambia. Kwake ni kushoto ukitoka msikitini. Akakata kulia kuelekea Isevya, mkeka bado kwapani, nasi tukamfuata.